Msema Kweli, Mropokaji au Mchochezi? Neno 'Outspoken' na Tafsiri Zake Mpakani Busia

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowapa taabu wafasiri wa Kiswahili, yako yale yasiyoonekana kuwa magumu hata kidogo. Neno 'outspoken' ni mojawapo. Si istilahi ya sayansi wala ya sheria. Mwanafunzi wa sekondari analifahamu, na mtangazaji wa redio hulifasiri papo hapo bila kusita. Lakini tafsiri zake zikikusanywa pamoja, huonekana kwamba mtu yule yule mmoja anaweza kuitwa jasiri, msema kweli, mkosoaji, mwenye msimamo mkali, mropokaji na hata mchochezi. Majina haya si visawe. La kwanza ni sifa, la mwisho ni mashtaka, na kati ya hayo mawili pana nafasi ambamo mtu aweza kupoteza heshima yake au uhuru wake.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo kwa hatua tatu: umbo na maana yake katika Kiingereza, tafsiri zake zilizozoeleka katika Kiswahili na upungufu wa kila moja, na mwisho, swali la kama Kiswahili kina haja ya neno moja la kulitolea maana hiyo. Mfano mkuu umetolewa Busia ya Kenya, mpakani na Uganda. Mfasiri anayefikiriwa hapa si yule wa ofisini Nairobi au Dar es Salaam, bali ni mtu wa Namboboto, katika nchi ya Wasamia, kusini ya mji wa Busia. Mtu huyo huzungumza Lusamia nyumbani na Kiswahili sokoni na barazani, na Kiingereza alikipata shuleni. Baadhi ya jamaa zake wako ng'ambo, Uganda, kwa kuwa mpaka wa kikoloni uliwagawa Wasamia pande mbili. Akienda Busia mjini hukutana na Wakhayo. Akifika Malaba hukutana na Wateso, ambao lugha yao si ya Kibantu. Kwake kufasiri ni maisha ya kila siku, na neno likifasiriwa vibaya madhara yake humfikia yeye kabla ya kuwafikia watunga kamusi.

Umbo na Maana

'Outspoken' ni neno la umri mdogo kwa kulinganishwa na mengi ya Kiingereza. Lilianza kuonekana katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 19, na chanzo chake ni Kiingereza cha Uskoti. Umbo lake lina ajabu: sehemu yake ya pili ni kitenzi katika hali ya kutendwa, lakini maana yake ni ya kutenda. Mtu huyo hakusemwa. Yeye ndiye asemaye. Mfasiri akilifuata umbo hilo neno kwa neno atapata 'aliyesemwa nje', maneno ambayo Mswahili hayajui. Tena, katika Kiswahili kusemwa ni kusengenywa au kukaripiwa. Kuna ukweli fulani uliojificha ndani ya kosa hilo, kwani asemaye wazi aghalabu huishia kuwa msemwa. Lakini ukweli huo ni wa maisha, si wa sarufi.

Kwa upande wa maana, neno hili lina viungo vinne. Cha kwanza ni namna ya kusema: maneno hutolewa peupe, bila kuzungushwa. Cha pili ni mazoea: mtu aliyesema wazi mara moja tu haitwi hivyo, bali yule ambaye kusema wazi kumekuwa tabia yake. Cha tatu ni kuwako kwa mtu ambaye angependa jambo hilo lisisemwe. Hakuna apewaye jina hilo kwa kutangaza kwamba mvua imenyesha; lazima pawe na mkubwa, desturi au umma utakaochukizwa. Cha nne ni hukumu ya yule anayelitumia neno. Mmoja hulitumia kwa kusifu, mwingine kwa kulaumu kwa adabu, akiwa na maana kwamba fulani angefanya vema kunyamaza.

La muhimu zaidi ni kile ambacho neno hili halikisemi. Halisemi kwamba mtu huyo amesema kweli. Katika Kiingereza mtu aweza kuwa 'outspoken' na huku amekosea kabisa, wala hapana mgongano wo wote wa maana. Jambo hili dogo ndilo litakaloziangusha baadhi ya tafsiri zitakazotajwa hapa chini.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Kiingereza chenyewe kina maneno jirani ambayo asili zake ni tofauti. 'Candid' limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. 'Frank' limetokana na jina la Wafranki na lilichukua maana ya mtu huru. Kiswahili nacho kimeifuata njia ya weupe, kama vile katika usemi 'kusema peupe', na njia ya uwazi, kama vile katika 'waziwazi'. Lakini Kiswahili hakikuifuata njia ya tatu, yaani njia ya uhuru wa nafsi. Hakuna neno la kawaida la Kiswahili ambalo huunganisha kusema na kuwa huru. Pengo hilo si la kamusi tu.

Tafsiri Zilizozoeleka

Kamusi za lugha mbili, tangu ile ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1939 iliyohaririwa na Johnson hadi ile ya TUKI ya mwaka 1996, zimewafaa sana wafasiri. Hata hivyo, kazi ya kamusi ni kueleza maana. Haiwezi kumwongoza mfasiri katika kila sentensi. Kwa hiyo wafasiri hujichagulia wenyewe, na chaguo zao ndizo zinazostahili kuhakikiwa.

Tafsiri ya kwanza ni 'msema kweli'. Inapendeza masikioni, na ina mizizi mirefu. Mithali husema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Waislamu wamefundishwa kuisema haki ijapokuwa chungu. Na mojawapo ya ahadi za mwanachama wa TANU ilikuwa kusema kweli daima na kuiepuka fitina. Lakini tafsiri hii inaongeza kile ambacho Kiingereza hakikukisema. Sentensi 'Fulani ni msema kweli, lakini hayo aliyoyasema ni uongo' inajipinga yenyewe. Mwandishi wa habari anayeitumia amekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi, na msomaji hana njia ya kujua kwamba hukumu hiyo imeingizwa na mfasiri.

Tafsiri ya pili ni 'jasiri'. Hii inakitaja kiungo cha tatu, yaani hatari, lakini inalisahau neno lenyewe: askari aweza kuwa jasiri bila kufumbua kinywa. Wafasiri wa Biblia waliona ugumu huu zamani. Neno moja la Kiyunani, parresia, ambalo maana yake ni kunena kwa uhuru bila kuficha wala kuogopa, limegawanyika katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Petro na Yohana wanaposimama mbele ya wazee, katika Matendo ya Mitume 4:13, wasikilizaji wanauona 'ujasiri' wao. Yesu anapowaambia wanafunzi wake habari za mateso yake, katika Marko 8:32, analinena neno hilo 'waziwazi'. Moyo umepewa neno lake na namna ya kusema imepewa neno lake. Kila mahali tafsiri ni sahihi, lakini msomaji wa Kiswahili hana alama ya kumwonyesha kwamba mambo hayo mawili yalikuwa neno moja.

Tafsiri ya tatu ni 'mwenye msimamo mkali', ambayo imeenea katika uandishi wa habari. Hii ndiyo yenye hatari kuliko nyingine zinazodai kuwa za haki, kwa sababu usemi huo huo hutumiwa pia kwa wafuasi wa siasa au dini wanaokataa mapatano na hata kutumia nguvu. Msimamo ni jambo la fikra, na kusema ni jambo la ulimi. Mtu mpole mwenye fikra za wastani aweza kuzisema waziwazi kila siku, na mwenye msimamo mkali aweza kunyamaza miaka 20. Mfasiri asiyeyatenga mambo haya mawili humvika mkosoaji wa kawaida vazi la mtu wa kuogopwa.

Tafsiri ya nne ni kundi zima la lawama: 'mropokaji', 'mpayukaji', 'domokaya', 'mwenye mdomo'. Mropokaji husema kabla ya kufikiri. Domokaya hawezi kuweka siri. Lakini yule anayeitwa 'outspoken' aghalabu amefikiri sana, na alilolisema si siri, bali ni jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka. Aidha majina haya hayagawiwi kwa usawa. Mwanamume akisema wazi husemekana ana msimamo; mwanamke akisema yale yale husemekana ana mdomo. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga hadharani ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru, Nairobi, alidhihakiwa Bungeni, na mengi ya maneno yaliyomrudia hayakugusa hoja yake juu ya bustani, bali yaligusa uanamke wake. Mfasiri anayechagua neno katika kundi hili ajue kwamba analibeba pia kosa hilo.

Tafsiri ya tano ni 'mchochezi'. Kwa asili kuchochea ni kusukuma kuni ili moto uwake. Kutoka jikoni neno hili liliingia katika sheria, na 'uchochezi' ukawa jina la kosa. Kwa kosa hilo Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972, kwa ajili ya kijitabu chake 'Kenya: Twendapi?' cha mwaka 1968. Vifungu vya uchochezi viliondolewa katika sheria ya jinai ya Kenya mwaka 1997. Neno lenyewe, hata hivyo, halikuondolewa vinywani mwa wakubwa.

Kuna neno moja zaidi la kutajwa kwa sababu ya hali yake ya pekee, nalo ni 'msemaji'. Hili lilikuwa na maana ya mtu hodari wa kunena, na lingeweza kufaa. Lakini matumizi ya ofisini yamelichukua, na sasa msemaji ni mtu aliyetumwa kuyasema mawazo ya chama, kampuni au serikali. Kwa hiyo neno lililokuwa karibu zaidi na maana inayotafutwa limekuwa kinyume chake: msemaji husema aliyoagizwa, na huyu tunayemtafutia jina husema yale ambayo hakuna aliyemwagiza.

Busia, Agosti 1990

Uzito wa mambo haya ulionekana Busia mwaka 1990. Alexander Muge, Askofu wa Kianglikana wa Eldoret tangu 1983, ndiye ambaye magazeti ya Kiingereza, ya Kenya na ya ng'ambo, yalimwandika mara nyingi kwa neno hili 'outspoken'. Pamoja na viongozi wengine wa makanisa, akiwemo Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, alikuwa amepinga upigaji kura wa mlolongo, ambao ulitumika katika uchaguzi wa 1988, na alikuwa amekemea unyakuzi wa ardhi. Mwezi Agosti, wiki chache baada ya ghasia za Saba Saba, Peter Okondo, aliyekuwa Waziri wa Kazi na mwenyeji wa wilaya hiyo, aliwaonya maaskofu hao wawili wasikanyage Busia. Wakija, alisema, wataona moto na huenda wasitoke hai. Tarehe 14 Agosti Muge alikwenda Busia. Alipokuwa akirudi Eldoret gari lake liligongana na lori la maziwa, naye akafa. Okondo alijiuzulu uwaziri. Kama ajali hiyo ilikuwa ajali ni swali ambalo halikufa pamoja na askofu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2013, ilisikiliza ushahidi juu yake.

Mhakiki wa lugha hana mamlaka ya kulijibu swali hilo. Lakini maneno yaliyotangulia kifo hicho yamo katika eneo lake. 'Wataona moto', hata yalipochapishwa katika Kiingereza, yalikuwa na sura ya Kiswahili. Mwingereza hana desturi ya kumwambia adui yake kwamba ataona moto. Ni usemi ambao mama humwambia mtoto mtukutu na mwalimu humwambia mwanafunzi mchelewaji, wala hakuna achomwaye. Ndiyo sababu usemi huu unampa msemaji wake mlango wa kutokea: akiulizwa, aweza kusema kwamba hizo zilikuwa semi tu za kawaida. Lakini katika tukio hili nahau haikusimama peke yake. Ilifuatwa na maneno kwamba huenda wasitoke hai, na maneno hayo si nahau. Yaliufunga ule mlango.

Hapa ndipo pana tofauti kati ya watu wawili hawa, ambao kwa hesabu ya juu juu wote walisema waziwazi. Maneno ya waziri yalikuwa na dola nyuma yake. Hayakuwa na kiungo cha tatu, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa aliyekaribia ambaye yangemchukiza. Maneno ya askofu hayakuwa na kinga. Kiingereza kilimpa askofu peke yake jina la 'outspoken', na kwa hakika hakikukosea. Sasa afikiriwe msikilizaji wa Namboboto anayetaka kumweleza mzazi wake habari hiyo. Akichagua 'jasiri', amesahau kwamba kosa la askofu lilikuwa kunena. Akichagua 'mwenye msimamo mkali', amempa waziri nusu ya hoja yake. Akichagua 'mchochezi', basi moto uliotajwa unakuwa ni ule ambao askofu mwenyewe ameuchochea, na aliyetishwa anageuka kuwa chanzo cha kitisho. Uchaguzi wa neno moja umebadilisha nani amkosee nani.

Hoja ya Fumbo

Yupo atakayepinga kwamba shida hii ni ya kuazima, kwa sababu Waswahili hawakuhitaji jina la mtu wa namna hii. Wao, atasema, waliheshimu fumbo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na mwenye la kumwambia mkubwa alilitia katika shairi au hadithi. Hoja hii ina nguvu. Shaaban Robert, katika 'Kusadikika' kilichotoka mwaka 1951, alimsimamisha Karama mbele ya mfalme akijitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe waliotangulia. Karama ananena bila woga. Lakini kitabu chenyewe, ambacho kilitoka wakati wa utawala wa Waingereza, kimezungumza kwa fumbo la nchi inayoelea angani. Abdilatif Abdalla naye, baada ya kufungwa kwa ajili ya maneno ya wazi, alitunga gerezani mashairi ya 'Sauti ya Dhiki', yaliyochapishwa mwaka 1973, ambamo mafumbo ni mengi. Anayedhani kwamba fumbo ni dalili ya woga hajayasoma maandishi haya.

Hata hivyo hoja hiyo haitoshi, na Busia inaonyesha kwa nini. Fumbo linahitaji watu waliolelewa pamoja. Anayefumba humtegemea msikilizaji mwenye ufunguo, na ufunguo huo hupatikana katika lugha iliyonyonywa na maziwa ya mama. Katika soko la Busia au foleni ya malori Malaba, Kiswahili ni lugha ya pili kwa walio wengi. Mteso, Msamia na Mganda hukutana ndani yake bila kuwa na utoto wa pamoja. Isitoshe, kwa watu wengi wa upande wa Uganda Kiswahili kilisikika kwa muda mrefu kama lugha ya askari, na ingawa Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi, kumbukumbu hiyo haiondoki kwa azimio. Mahali kama hapo fumbo la mjini Mombasa au Lamu hupotea njiani. Kinachobaki ni maneno ya wazi, na ndiyo maana mtu wa mpakani ana haja ya jina la mwenye kuyasema kuliko mtu wa pwani.

Tena jina hilo halina budi kumfaa mtu hata anapobadilika. Nchi ya Wasamia ilitoa ndugu wawili waliopanda vyeo pande mbili za mpaka: Moody Awori, Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi mwanzo wa 2008, na Aggrey Awori, aliyegombea urais wa Uganda mwaka 2001 na kufariki 2021. Aggrey alijulikana katika Bunge la Uganda kwa ukali wa ulimi alipokuwa mpinzani, kisha akawa waziri katika serikali ile ile mwaka 2009. Ukimwita 'mpinzani' au 'mkosoaji', jina linakoma siku ya kuapishwa kwake. Linalotakiwa ni jina la tabia ya kusema, lisilotegemea kiti alichokalia msemaji.

Pendekezo na Hitimisho

Kiswahili hakina sababu ya kwenda mbali. Kina njia ya kale ya kuunda majina kwa kuunganisha kitenda na neno linalofuata: mpita njia, mwendapole, msema kweli, msemaovyo. Kwa njia iyo hiyo, 'msemawazi' ni neno linaloeleweka mara linaposikika, na wingi wake ni 'wasemawazi', tabia yake 'usemawazi'. Likipimwa kwa viungo vinne vilivyotajwa, linashinda majirani zake. Namna ya kusema imo katika 'wazi'. Mazoea yamo katika umbo la mtenda, kwani 'alisema wazi jana' si sawa na 'ni msemawazi'. Hukumu imeachiwa mtumiaji: pana 'msemawazi anayeheshimiwa' na pana 'msemawazi asiye na adabu'. Wala halidai ukweli. 'Yeye ni msemawazi, lakini mara hii amekosea' ni sentensi isiyo na kasoro.

Kiungo cha hatari ndicho kisichokuwamo, na hilo lisifichwe. 'Wazi' haisemi kwamba mtu amejiweka mahali pa kuumizwa. Mfasiri atalazimika kuliongeza jambo hilo kwa maneno mengine pale linapohitajika, kwa mfano 'msemawazi asiyewahofu wakubwa'. Wala neno hili halifai katika kila sentensi. Pale ambapo Kiingereza kinasema kwamba mtu alikuwa 'outspoken' katika kuunga mkono jambo fulani, yatosha kusema kwamba aliliunga mkono waziwazi. Mfasiri atakayelipachika jina jipya kila mahali atakuwa ameondoa kosa moja na kuleta jingine.

Faida ya pendekezo hili si wingi wa msamiati. Ni kwamba litamwezesha mtu kuelezwa kwa Kiswahili kabla ya kuhukumiwa kwa Kiswahili. Maneno yaliyopo sasa yanamlazimu mfasiri kuchagua upande tangu neno la kwanza: ama mpenzi wa Mungu, ama mchochea moto. Mtu wa Namboboto aliyetaka kusimulia mwaka 1990 kwamba askofu amekwenda Busia baada ya kuonywa asiende, alistahili kuwa na neno ambalo lingemwachia msikilizaji wake nafasi ya kuamua mwenyewe.